Ujazo, Kasi na Kungoja: Uhakiki wa Istilahi za Kanzidata

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo mkuza istilahi hana budi kuzifanya ni kurudi nyuma, baada ya istilahi kutolewa na kuenea, akazitazama tena kwa jicho la mtumiaji. Kuunda istilahi kuna heshima yake, na kurasa za majarida ya lugha zimejaa orodha za maneno mapya. Lakini kuzihakiki zile zilizokwisha kutolewa hufanywa kwa nadra, na aghalabu hufanywa na watu waliokwisha kuumizwa nazo.

Makala haya yanakusudia kuhakiki kikundi kidogo cha istilahi za kompyuta, yaani zile zinazotumika watu wanapozungumzia kanzidata iliyokua hata ikawa nzito, na njia za kuiharakisha. Mifano tutaitoa katika Bonde la Kilombero, hususan mji wa Ifakara, kwa sababu mbili. Kwanza, huko kuna daftari la watu lililoandikwa kwa miaka mingi bila kukoma, nalo linatuonyesha wazi kazi ya kanzidata ya aina hii ilivyo. Pili, bondeni huko ndiko mwandishi alikopata funzo lililomfanya aandike makala haya.

Yafaa tuseme tangu mwanzo kwamba hatumlaumu mtu aliyeunda neno hili au lile. Nyingi za istilahi tutakazozitaja hazina mwenyewe. Ziliingia katika lugha kwa mlango wa ofisi, wa gazeti na wa duka la simu. Neno lililoingia hivyo halina kosa. Kosa ni letu sisi tunaolikuta limeketi mahali pasipo pake tukalipita bila kulisemesha.

Daftari la Ifakara

Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, ilianza mwaka 1996 kazi ya kuwaandikisha wakazi wote wa vijiji 25 katika wilaya za Kilombero na Ulanga za wakati huo. Shabaha ilikuwa kupima kama vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu, vingepunguza vifo vya watoto wadogo. (Na hapo tusimame kidogo tulisifu jina hilo. Ni maneno mawili tu, kitenzi na nomino, na hakuna mtu wa bondeni aliyehitaji kuelezwa maana yake.)

Kwa kuwa kifo cha mtoto hakiwezi kuhesabiwa ila pale palipoandikwa kwanza kuwa mtoto huyo alizaliwa na aliishi, ilibidi kila kaya itembelewe kila baada ya miezi minne na kuulizwa: ni nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama, nani ni mjamzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, nayo yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Nambari hiyo moja imetoka katika maelfu kwa maelfu ya maandiko madogo madogo yaliyofanywa na makarani katika kompyuta, kaya kwa kaya.

Daftari hilo halikufungwa baada ya utafiti wa vyandarua kwisha. Mwaka 2007 sehemu ya mji wa Ifakara iliongezwa, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilieleza kuwa wakati huo waliokuwa wakifuatiliwa ni watu wapatao 125,000 vijijini na 45,000 mjini, kila mmoja akipitiwa mara mbili kwa mwaka. Msomaji akizidisha ataona kuwa ni mapitio kama 340,000 ya hali za watu kwa mwaka mmoja.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mtoto anapozaliwa, karani haandiki mstari mmoja tu. Programu haina budi kumtafuta mama katika faili ya watu, kuhakikisha kuwa ni mwanamke, kwamba yu hai na kwamba anakaa katika kaya hiyo. Kisha huitafuta mimba iliyoandikwa katika ziara iliyotangulia na kuifunga, humwandika mtoto, na humwingiza katika kaya. Kila hatua ni kusoma au kuandika kitu kidogo, mahali tofauti katika diski. Tena katika daftari la aina hii hakuna anayefutwa: aliyefariki hubaki, aliyehama hubaki, na mkulima wa mpunga anayehamia shamba la mbali wakati wa msimu akakaa dunguni hadi mavuno naye huzidisha maswali ya nani yuko wapi. Basi kila mwaka faili huwa nzito kuliko mwaka uliopita, ilhali kazi ya karani ni ile ile.

Programu ya mwanzo iliyotumika Ifakara ilikuwa ile iliyobuniwa kwa ajili ya Navrongo huko Ghana, nayo iliandikwa kwa FoxPro. Faili moja ya FoxPro haiwezi kuzidi gigabaiti 2. Hatusemi kwamba Ifakara ilifikia mpaka huo. Twautaja ili msomaji aone kuwa kukua kwa kanzidata si maneno ya wauzaji, bali ni jambo lenye mipaka na vipimo. Na jambo lenye vipimo lataka maneno yaliyopimwa.

Kasoro ya kwanza: neno "hifadhi" lina mzigo mkubwa mno

Kwa dhana ya mkusanyo wa data uliopangwa ili usomwe na kuandikwa na programu, Kiswahili kina maneno mawili yanayoshindana: hifadhidata na kanzidata. La kwanza ndilo linaloeleweka upesi. Lakini hebu msomaji alipeleke Ifakara. Huko mtu akisikia "hifadhi", kwanza huuona mlima wa Udzungwa, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyotangazwa mwaka 2019. Akiwa mtumishi, hukumbuka mfuko wa hifadhi ya jamii. Akikaa mbele ya kompyuta, huambiwa "hifadhi" kabla ya kufunga faili, na fundi humwuliza kama "hifadhi" imejaa, maana yake diski, na kama ametunza nakala ya "hifadhi", maana yake nakala ya kujikinga na hasara. Kwa hiyo yawezekana kabisa mtu akaandika bila kukosea sarufi: "Hifadhi hifadhidata katika hifadhi ya hifadhi." Sentensi hiyo ni sahihi, wala haina maana.

Zaidi ya hayo, maana ya msingi ya kuhifadhi ni kulinda kitu kisiguswe. Wenyeji wa bonde wanajua vizuri kwamba hifadhi ni mahali ambapo hawaingii bila kibali. Kanzidata ya miamala, kinyume chake, huingiwa kila dakika. Neno "hifadhi" humfanya msikilizaji afikirie kuweka, hali tatizo letu ni kutoa na kurudisha.

Kanzi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni hazina au mali iliyowekwa akiba. Watasema wapinzani kwamba hazina nayo hufichwa, na kwamba vijana wengi hawalijui neno hilo. Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini ugeni wa neno hilo ndio faida yake: halina kazi nyingine. Neno lisilo na kazi nyingine laweza kufundishwa mara moja na likabaki na maana moja. Kwa hiyo twapendekeza kanzidata iwe nomino ya dhana hii, "kuhifadhi" kibaki kitenzi, na chombo chenyewe kiitwe diski pale kilipo diski, au chombo cha kuhifadhia pale inapotakiwa jumla. Wako waliopendekeza "kihifadhi". Hilo tayari ni la wataalamu wa vyakula, kwa maana ya kitu kinachozuia chakula kisioze.

Kasoro ya pili: "uwezo" ni kitu gani?

Hapa inanilazimu nisimulie habari inayonihusu.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaingia katika kazi ya istilahi, nilikuwa nikifanya tafsiri za malipo ili kujikimu. Ofisi moja ya bondeni, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikiandika malipo ya wateja wake katika kompyuta, na kanzidata yake ilikuwa imekuwa nzito kiasi kwamba karani alibonyeza, akangoja, akazungumza na mteja, akangoja tena. Fundi aliandika kwa Kiingereza sifa za chombo kipya kilichotakiwa kununuliwa. Nami nikapewa karatasi hiyo niitafsiri, kwa kuwa wajumbe wa kamati ya ununuzi walitaka kuisoma kwa Kiswahili, na walikuwa na haki.

Fundi alikuwa ametaja mambo matatu mbalimbali: kiasi cha data ambacho chombo kinaweza kubeba, kiasi kinachoweza kupita kwa sekunde, na muda ambao ombi moja dogo hungoja kabla ya kujibiwa. La tatu ndilo alilolitilia mkazo. Mimi niliandika "uwezo mkubwa" kwa la kwanza, na "kasi kubwa" kwa mawili yaliyobaki. Wajumbe walisoma, wakaelewa walichokisoma, wakanunua chombo chenye uwezo mkubwa kuliko vyote na ambacho boksi lake lilitangaza kasi kubwa. Fedha zilikwisha. Foleni ya wateja haikupungua hata kidogo. Muuzaji hakuweza kulaumiwa, maana kila neno katika mkataba alilitimiza.

Aliyelaumiwa ni karani mkongwe, mama mmoja aliyeijua kazi ile tangu enzi za madaftari ya karatasi. Ilisemwa kuwa chombo ni kipya, hivyo uzito lazima uwe wake. Akahamishiwa meza nyingine. Nilipokutana naye baadaye aliniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi hatukuomba ghala kubwa. Tuliomba mlango upanuliwe." Usiku ule niliziweka karatasi mbili kando kwa kando, ya Kiingereza na ya Kiswahili, nikaiona kazi ya mkono wangu.

Neno "uwezo" katika matumizi ya sasa hubeba walau dhana tatu: kiasi kinachoweza kuingia, nguvu ya kufanya kazi, na ubora wa jumla. Katika mazungumzo ya kawaida si tatizo. Katika hati ya zabuni ni shimo. Kwa dhana ya kiasi kinachoingia tunalo neno safi ambalo kila mwuza mafuta ya taa analijua: ujazo. Tukisema "diski yenye ujazo wa terabaiti 2", hakuna atakayedhani kuwa tumesema chochote kuhusu wepesi wake. Kwa dhana ya namna chombo kinavyofanya kazi tuseme utendaji, ila tukumbuke kuwa utendaji si kipimo kimoja, bali ni jina la vipimo kadhaa.

Kasoro ya tatu: kasi moja kwa mambo mawili

Kosa la "kasi" ni baya kuliko la "uwezo", kwa sababu limejificha. Ili kulieleza, turudi mtoni.

Kabla ya kujengwa daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, msafiri wa kutoka Mahenge kwenda Ifakara alivuka kwa kivuko. Kuhusu kivuko kile mtu angeweza kuuliza maswali matatu. Ukingoni pana nafasi ya magari mangapi kusubiri? Kwa siku huvuka magari mangapi? Na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hungoja muda gani kabla hajafika ng'ambo? Kupanua uwanja wa kusubiria hakumvushi mtu hata mmoja. Kuleta pantoni kubwa zaidi huongeza magari yanayovuka kwa siku, lakini mgonjwa aliyefika pantoni ikiwa imeng'oa nanga bado atangoja iende na kurudi. Daraja ndilo lililoondoa kungoja.

Diski ya kuzunguka ina tabia ya kivuko. Diski ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8 na kidogo. Ombi linapofika, mkono wa kusomea husogea hadi mahali pake, jambo linalochukua kama milisekunde 8, kisha hungoja data izunguke hadi chini yake, kwa wastani nusu mzunguko, yaani milisekunde 4. Jumla ni kama milisekunde 12. Kwa hiyo diski hujibu maombi yaliyotawanyika yapatayo 80 kwa sekunde. Ikiwa kila ombi huchukua kilobaiti 8, zinazopita ni kilobaiti 640 tu. Lakini diski hiyo hiyo ikisoma faili ndefu kwa mfululizo, mkono ukiwa umetulia, hupitisha zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Ni chombo kimoja, na "kasi" mbili zinazotofautiana zaidi ya mara 150. Boksi la dukani huandika ile kubwa. Karani wa Ifakara huishi na ile ndogo.

Hapo ndipo msomaji ataona kuwa neno moja "kasi" haliwezi kutosha. Twapendekeza istilahi tatu. Kwanza, muda wa kungoja, kwa muda unaopita kati ya kuomba na kujibiwa, upimwe kwa milisekunde. Pili, mpitisho, kwa kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, upimwe kwa megabaiti. Tatu, maombi kwa sekunde, kwa idadi ya kazi ndogo ndogo zinazokamilishwa. Kuhusu ya kwanza, mwenzetu mmoja amependekeza "usubirifu" ili kupata neno moja. Hatukubali: usubirifu ni tabia ya mtu mvumilivu, na chombo kinachomngojesha mtu hakistahili sifa hiyo. Kanuni ya ufupi ni nzuri, lakini haipo juu ya kanuni ya kueleweka.

Kasoro ya nne: muamala na ndugu zake

Neno muamala limepata bahati. Maana yake ya zamani ni maingiliano na maelewano baina ya watu. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, limeenea hadi vijijini kwa maana ya kutuma au kupokea fedha. Wataalamu wa kompyuta nao wamelitumia kwa kundi la maandiko ambayo ni lazima yakamilike yote, au yasiwepo hata moja.

Je, lafaa pale pasipo na fedha, kama katika kuandika kuzaliwa kwa mtoto? Wapo wanaopendelea "tukio". Sisi twaona maneno yote mawili yanahitajika, kila moja kwa kazi yake. Tukio ni lile lililotokea kijijini: mtoto amezaliwa. Muamala ni tendo la kulitia tukio hilo katika kanzidata kwa ukamilifu. Umeme ukikatika baada ya mtoto kuandikwa lakini kabla hajaingizwa katika kaya, tukio limetokea, ila muamala haukukamilika, na kanzidata njema huurudisha nyuma wote. Kwa tendo la kukamilisha twakubaliana na wanaosema kuthibitisha muamala. Kwa la kurudisha nyuma, badala ya maneno marefu yanayotumika sasa, twapendekeza kutangua. Kiswahili hutangua ndoa na hutangua udhu: kilichofungwa hufunguliwa kisheria, kikawa kama hakikufungwa.

Ili kanzidata iweze kutangua na kuthibitisha, huandika kwanza nia ya kila muamala katika faili maalumu, kwa mfululizo, ndipo hugusa faili nyingine. Faili hiyo sasa huitwa "kumbukumbu ya miamala". Kwa bahati mbaya "kumbukumbu" pia ni ile sehemu ya kompyuta inayoshika data kwa muda, ni taarifa ya mkutano, na ni sherehe ya mashujaa. Kumbe Kiswahili cha pwani kina neno lake la tangu zamani: batli, yaani daftari la nahodha linaloandikwa habari za safari kwa utaratibu wa zilivyotokea. Hakuna tofauti ya dhana. Batli ya miamala ni istilahi tunayoipendekeza bila kusita, na kwa hiyo "kumbukumbu" ipate nafuu.

Faida ya kutofautisha haya si ya lugha tu. Muamala hauhesabiwi kuwa umethibitishwa hadi batli yake iandikwe katika diski. Batli huandikwa kwa mfululizo, ilhali faili za kanzidata huandikwa kwa kutawanyika. Zikiwekwa katika diski moja, mkono wa kusomea hukimbia huku na huku, na batli nayo hungojeshwa. Kuitenga batli katika diski yake ni dawa moja ya zamani ya kanzidata nzito. Lakini fundi anayeambiwa "tenga kumbukumbu" aweza kwenda kununua kitu kingine kabisa.

Maneno mengine kwa ufupi

Faharasa na fahirisi. Kanzidata isiyo na orodha ya kutafutia hulazimika kusoma faili nzima ili kumpata mama mmoja. Wachumi wamekwisha kulitwaa neno fahirisi kwa vipimo vya bei. Waachiwe. Sisi tuchukue faharasa. Na ifahamike kwamba mara nyingi faharasa iliyosahauliwa ndiyo sababu ya uzito. Yafaa iulizwe kabla ya kununua chochote.

Kashe. Data inayotumiwa mara kwa mara huwekwa katika kumbukumbu ya kompyuta ili diski isisumbuliwe. Mpishi wa bondeni haendi ghalani kila anapoinjika chungu. Huweka debe la mchele karibu na jiko. Twapendekeza akiba ya karibu katika maandishi ya kufundishia. Hatuna ugomvi na mafundi wanaosema "kashe".

Safu ya diski. Diski kadhaa zikifungwa pamoja huitwa safu, na hilo ni zuri. Lakini safu zipo za namna nyingi, na istilahi moja huficha gharama. Katika safu inayojikinga kwa hesabu, andiko moja dogo huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya zamani, kuandika data mpya, kuandika hesabu mpya. Katika safu ya diski pacha, andiko hilo huzaa kazi mbili tu. Kwa kanzidata inayoandikwa sana tofauti hiyo ni kubwa. Basi tuseme safu ya hesabu na safu ya pacha, wala tusiseme "safu" tu.

Diski isiyozunguka. Chombo kipya kisicho na mkono wala sahani hujibu ombi la kusoma kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hili ndilo daraja la mfano wetu. Wengine huliita "diski mango". Neno mango linafaa katika fizikia, lakini halimwelezi mnunuzi faida anayoinunua.

Foleni. Wapo wanaotaka "mlolongo" kwa kuwa foleni ni ya kigeni. Tangu vituo vya basi hadi zahanati, foleni imekwisha kupata uraia. Iachwe.

Jibu kwa wanaouliza faida

Kuna wasomi watakaosema kuwa mafundi wa kompyuta wanajua Kiingereza, na kwa hiyo mjadala huu ni wa anasa. Hoja hiyo huwasahau watu wanne: mjumbe wa kamati anayeidhinisha fedha, mkaguzi anayeuliza zilikokwenda, karani anayeitumia kanzidata, na mwananchi aliye katika foleni. Hao wote huzungumza Kiswahili, na uamuzi hufanyika katika lugha yao hata kama maelezo ya fundi yapo katika lugha nyingine. Lugha ikiwa na neno moja kwa mambo matatu, kamati itanunua lililo rahisi kuonekana, nalo ni ujazo. Hasara hiyo haiandikwi popote kuwa ni hasara ya lugha. Huandikwa kuwa ni uzembe wa karani.

Hitimisho

Tumeona kwamba "hifadhi" imeelemewa, "uwezo" hauna mpaka, "kasi" imeunganisha yasiyoungana, na "kumbukumbu" inafanya kazi za watu wanne. Tumependekeza kanzidata, ujazo, utendaji, muda wa kungoja, mpitisho, maombi kwa sekunde, batli ya miamala, kuthibitisha na kutangua, faharasa, akiba ya karibu, safu ya hesabu na safu ya pacha. Katika kuyateua tumefuata utaratibu uliozoeleka wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe. Utaratibu huo hutaka pia tuzitazame lugha nyingine za Kibantu. Yafaa basi watafiti wetu wakusanye kwa Wandamba, Wapogoro na Wambunga majina ya vyombo na mahali pa kuwekea mpunga, maana jamii inayoishi kwa kuweka na kutoa nafaka haikosi kuwa na maneno ya kutofautisha ghala na mlango wake.

Mapendekezo haya si amri. Wasomaji, hasa makarani na mafundi walio kazini, wanaombwa watuletee maoni yao, na watuambie pia ni wapi maneno yetu yamewaponza. Yule mama wa bondeni alikuwa na istilahi sahihi siku ile. Aliyeikosa ni mfasiri.